Kwaresima tunaijua. Siku hamsini za Pasaka tunaziishije?

Sauti ya Pili (aliyeuliza)

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Mimi ni mwanakwaya, naimba sauti ya pili, na nimo pia kwenye kamati ya liturujia ya parokia yetu. Nina jambo linalonikereketa kila mwaka, na safari hii nimeona nilitoe.

Kwaresima hutukuta tuko tayari. Jumatano ya Majivu kanisa hujaa. Ijumaa kuna Njia ya Msalaba, watu wanafunga, wanatoa sadaka, foleni ya kitubio inafika mlangoni. Hata mtoto anayejiandaa na Komunyo ya Kwanza ukimwuliza Kwaresima tunafanya nini, atakujibu bila kusita: tunasali, tunafunga, tunawasaidia maskini. Sasa mwulize huyo huyo: na kipindi cha Pasaka tunafanya nini? Atasema tunafurahi. Tunafurahi vipi? Hapo ananyamaza, na wazazi wake nao wananyamaza.

Kwenye kwaya mambo ni hayo hayo. Mazoezi ya Kesha la Pasaka tunayaanza mapema, watu wanakuja hata wakiwa na mafua. Usiku wenyewe tunasimama gizani, moto unabarikiwa nje, Mshumaa wa Pasaka unaingia, "Mwanga wa Kristo", tunaitikia "Tumshukuru Mungu", na giza linapungua mshumaa kwa mshumaa. Kuna dakika moja ambayo mimi huisubiri kuliko zote. Baada ya somo la waraka kwa Warumi, padre anasimama na kuianzisha Aleluya peke yake, mara tatu, kila mara akipandisha sauti kidogo, nasi tunairudia. Hatujaiimba Aleluya tangu kabla ya Majivu. Ile ya tatu huwa naiimba nimeinamisha kichwa, maana nikiwatazama wenzangu sauti inakatika.

Halafu? Asubuhi tunaimba tena, Jumatatu tumechoka. Dominika ya pili ya Pasaka nusu ya kwaya haipo. Maua ya Kesha yamenyauka pale pale mbele ya altare. Dominika ya tatu tumesharudi kwenye nyimbo zetu za siku zote. Zile siku arobaini tulizihesabu moja moja. Hizi hamsini, mpaka Pentekoste, zinapita hakuna anayezihesabu.

Siulizi habari za karamu. Nauliza kiroho: Mkristo wa kawaida, mwenye kazi na watoto, anauishije Ufufuko baada ya Kesha? Na kama parokiani kwenu kuna jambo mnalifanya, naomba mlieleze kwa undani, maana nataka nilipeleke kwenye kamati.

---

Katekista wa Watu Wazima

Milele amina, dada. Swali lako ni zito na limenifurahisha.

Kanisa halikuziacha siku hizi mikono mitupu. Kanuni za Mwaka wa Liturujia, zilizotolewa 1969, zinasema siku hamsini kuanzia Dominika ya Ufufuko hadi Pentekoste ziadhimishwe kwa furaha kama sikukuu moja, tena kama "Dominika moja kubwa". Na zile nane za mwanzo, yaani Oktava, kila moja huadhimishwa kama sherehe ya Bwana. Kwa hiyo ile Jumatatu mnayolala kwa uchovu (na mnastahili kupumzika) ina wimbo wake wa Utukufu, ina Aleluya yake.

Tatizo ninaloliona mimi ni kwamba tunadhani wakatekumeni, yaani watu wanaoandaliwa kubatizwa, wakishabatizwa usiku ule, kazi imekwisha. Ukiutazama utaratibu wa kuwaingiza watu wazima katika Ukristo, wa mwaka 1972, kipindi cha mwisho cha malezi yao kinaanza baada ya Kesha. Kinaitwa mistagojia, na wakati wake hasa ni kipindi cha Pasaka. Utaratibu wenyewe unataka wabatizwa wapya wapewe nafasi yao maalumu kanisani katika Misa za Dominika hizo, pamoja na wasimamizi wao. Ni parokia ngapi zinafanya hivyo? Wengi wetu tunawapiga picha, tunawapongeza, na Dominika inayofuata hatujui hata wamekaa wapi.

Jambo hili ni la kale mno. Katika miaka ya 380 alifika Yerusalemu mwanamke hujaji aitwaye Egeria, akaandika aliyoyaona. Anasema kwamba katika siku nane za Pasaka askofu aliwakusanya wabatizwa wapya katika kanisa la Ufufuko, milango ikafungwa, akawaeleza maana ya yote waliyotendewa usiku ule. Furaha ya wasikilizaji ilikuwa kubwa kiasi kwamba sauti zao zilisikika hadi nje ya kanisa. Angalia mpangilio: kwanza walizamishwa majini, wakapakwa mafuta, wakala Mwili wa Bwana, ndipo wakaelezwa. Siku za Pasaka zilikuwa za kuelezwa walichokwisha kupewa.

Ninachokifanya mimi ni hiki. Wabatizwa wangu wapya hukaa safu ya mbele Dominika zote hadi Pentekoste, na baada ya Misa tunabaki kidogo. Siwafundishi somo jipya. Nawauliza: usiku ule ulisikia nini, uliona nini? Mwanamume mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alifikiri muda mrefu kisha akasema kilichomshika ni maji kumwingia sikioni. Padre alipokuwa akitamka maneno, yeye alisikia jina lake tu, mengine yote yalizibwa na maji. Tukafungua Warumi 6 tukasoma tena kuhusu kuzikwa pamoja na Kristo kwa ubatizo, na safari hii wote walielewa. Waliobatizwa wakiwa wachanga walikuwa wamekaa nyuma yetu wakisikiliza, na baadhi yao walilia.

Na kwa mtu wa kawaida mwenye kazi na watoto: kisome Kitabu cha Matendo ya Mitume. Misa za kipindi hiki, Dominika hata siku za kawaida, somo la kwanza linatoka humo. Kina sura 28. Hata ukisoma kwa kuvizia muda utakuwa umekimaliza kabla ya Pentekoste, na utaona jinsi watu waoga walivyogeuka.

---

Mama Mfiwa

Nisameheni kama nitaupeleka mjadala kando.

Mimi mume wangu nilimzika mwanzoni mwa Kwaresima. Kwaresima ile niliielewa kuliko zote nilizowahi kuziishi. Njia ya Msalaba nilikuwa nalia na hakuna aliyenishangaa. Ijumaa Kuu altare iko tupu, Tabernakulo iko wazi haina kitu, hakuna Misa, kengele zimenyamaza; nikasema, hapa ndipo ninapokaa mimi.

Usiku wa Jumamosi taa zikawaka, kengele zikalia, watu wakakumbatiana. Dada mmoja wa chama chetu akanishika mikono akaniambia, "Futa machozi, Bwana amefufuka, leo si siku ya kulia." Alisema kwa upendo, najua. Lakini nilitoka nje kabla ya Komunyo.

Sasa mnapozungumza juu ya kuongeza furaha, siku hamsini za furaha, mimi naona siku hamsini za kujificha. Naamini amefufuka. Naamini kwa moyo wangu wote. Lakini mume wangu bado yuko kaburini, na nyumbani upande wake wa kitanda uko vile vile. Furaha nyingine naitoa wapi?

---

Sakristani Mzee

Mama, pole sana. Raha ya milele ampe Bwana mumeo, na mwanga wa milele amwangazie.

Nimekuwa nikitunza sakristia kwa miaka mingi, na si mtu wa maneno mengi, lakini naomba nikwambie habari za Mshumaa wa Pasaka, kwa sababu nimeushika kwa mikono yangu kila mwaka.

Mshumaa ule ni wa nta, na kila mwaka unatakiwa mpya. Kabla ya Kesha mimi huukagua pale padre atakapochora msalaba, na herufi mbili, Alfa juu na Omega chini, na tarakimu nne za mwaka. Halafu kuna zile punje tano za ubani, zinazochomekwa kwa umbo la msalaba. Nta ikiwa baridi na ukachomeka kwa nguvu, inapasuka. Kwa hiyo matundu yale huyaandaa mapema, taratibu, nikiwa peke yangu. Matundu matano. Padre anapochomeka punje anayataja majeraha matakatifu na matukufu ya Bwana, na kuomba kwamba kwa hayo atulinde.

Fikiria, mama. Usiku wa furaha kuliko zote, kabla hata mshumaa haujawashwa, tunaanza na majeraha. Kristo mfufuka hakuyaficha. Aliwaonyesha mitume mikono na ubavu. Mungu angeweza kumfufua bila kovu hata moja, akaona yabaki. Ndiyo maana mimi siamini kwamba mwenye jeraha anatakiwa atoke nje ili wengine washangilie. Jeraha lako limeingia na mshumaa mlangoni.

Na ukisoma Injili zenyewe hutakuta watu waliofurahi mara moja. Marko anasema wanawake walikimbia kutoka kaburini wakitetemeka, hawakumwambia mtu neno, kwa kuwa waliogopa. Maria Magdalena alisimama analia, na Yesu mwenyewe mzima yuko mbele yake, asimtambue mpaka alipoitwa jina. Wale wawili wa Emau walikuwa wanatembea nyuso zimekunjamana, mchana wa siku ile ile ya Ufufuko. Yesu hakuwakemea kwa huzuni yao kabla ya kuisikiliza. Aliwauliza kwanza wanazungumza nini, akawaacha wamwage yote.

Na Tomaso? Siku ya Pasaka wenzake walifurahi, yeye hapana. Alikaa siku nane nzima katikati ya watu wanaoshangilia, akiwa na msiba wake. Hawakumfukuza. Na Kanisa linasoma Injili hiyo kila mwaka, Dominika ya pili ya Pasaka, iwe mwaka A, B au C wa mzunguko wa masomo ya Misa, haibadiliki. Masomo mengine yanazunguka, hilo linabaki. Mimi nalipokea kama ruhusa ya Kanisa kwa watu ambao furaha yao haijafika.

Jambo la mwisho. Pentekoste ikipita, ule mshumaa tunauhamishia kwenye kisima cha ubatizo. Unawashwa mtoto anapobatizwa. Na mtu akifa, nautoa nauweka karibu na jeneza lake. Kwa mumeo bila shaka uliwekwa. Watu wengi waliofiwa hawauoni, macho yamejaa machozi. Mshumaa mmoja unasimama mahali pote pawili kwa sababu ni tendo moja la Mungu: alichokianza kwenye maji atakimalizia kaburini. Pasaka ni ahadi juu ya mumeo kwa jina lake. Kufurahi kwako kunaweza kuja polepole, na hata kukichelewa kupita Pentekoste, ahadi ipo.

---

Mpeleka Komunyo

Mzee amesema. Nami niongeze kwa dada wa kamati, kwa kuwa aliomba mambo ya kutenda.

Mimi huwapelekea wagonjwa Komunyo nyumbani. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 920, inamtaka kila mwamini aliyekwisha kupokea Komunyo ya Kwanza akomunike walau mara moja kwa mwaka, na itimizwe wakati wa Pasaka. Wengi tunaisoma kama mzigo. Mimi naisoma kama deni la parokia: kama yule bibi asiyeweza kuamka anatakiwa apokee wakati wa Pasaka, basi ni juu yetu kumfikia. Tengenezeni orodha ya wagonjwa wakati wa Kwaresima, na baada ya Kesha mwende kwa kila mmoja, na mwende na wanakwaya. Wawili watatu wanatosha. Imbeni Aleluya chumbani, ile ile mliyoiimba usiku ule. Kuna mzee tuliyemwimbia ambaye alikuwa hasemi tena, na midomo yake ikawa inafuata.

La pili ni Njia ya Mwanga. Mwongozo wa ibada za waamini, uliotolewa na Vatikano 2001, unaitaja na kuisifu. Ni vituo 14 kama Njia ya Msalaba, ila unatembea kutoka kaburi wazi hadi kushuka kwa Roho Mtakatifu: Magdalena, Emau, Tomaso, ziwani Tiberia, na kuendelea. Ijumaa ile ile, saa ile ile watu waliyoizoea wakati wa Kwaresima. Huhitaji kuwaita upya, miguu yao inajua njia. Mimi nakipenda kituo cha ziwani: Petro amemkana Bwana mara tatu, sasa ameketi kando ya moto wa makaa, Bwana amemwandalia mkate na samaki, na anaulizwa mara tatu kama anampenda. Alimkana kando ya moto wa makaa, na kando ya moto wa makaa akarudishwa. Waliokwenda kuungama wakati wa Juma Kuu watakielewa kituo hicho bila kuhubiriwa.

Na hawa tunaowaona mara moja kwa mwaka tusiwanung'unikie. Wamekuja usiku wa Pasaka, yaani wamekuja siku yenyewe. Mtu awasalimie, awaulize jina, awaambie tunabaki hapa hadi Pentekoste.

---

Sauti ya Pili

Nimesoma yote mara mbili. Mungu awabariki.

Mama Mfiwa, nimeguswa sana na jambo lako la kutoka kabla ya Komunyo. Kwenye kamati tulikuwa tunajadili nyimbo za shangwe tu, ngoma zaidi, vinanda zaidi. Sasa naona Dominika ya Tomaso inahitaji angalau wimbo mmoja wa utulivu, ambao mtu mwenye machozi anaweza kuuimba bila kujilazimisha. Nitalisimamia hilo, na nitamweleza mwalimu wa kwaya sababu.

Ninayoyapeleka kwenye kamati: wabatizwa wapya wakae mbele na wasimamizi wao hadi Pentekoste, Njia ya Mwanga siku za Ijumaa, orodha ya wagonjwa, na pia kunyunyiza maji ya baraka mwanzoni mwa Misa za Dominika za Pasaka badala ya ile sala ya kuungama. Misale, kitabu cha sala za Misa, inaruhusu, tena inakitaja kipindi cha Pasaka hasa. Katekista, maji hayo yawe yapi?

---

Katekista wa Watu Wazima

Yale yaliyobarikiwa usiku wa Kesha. Mwambieni sakristani ayatunze mengi, yasimwagwe Jumatatu kwenye usafi. Ndiyo yanayotumika pia kwa ubatizo wa watoto katika kipindi chote cha Pasaka. Na padre anaponyunyiza asiishie mbele, apite kanisa zima hadi kwa waliosimama mlangoni, nanyi kwaya mwimbe hadi amalize, msikatishe.

---

Mama Mfiwa

Asante, baba sakristani. Sikujua habari za zile punje tano. Na kweli mshumaa ulikuwepo kwenye mazishi, nimeuona kwenye picha moja, uko upande wa kichwa chake.

Naomba kuuliza jambo moja tu. Ningependa Misa ya kumwombea mume wangu, na arobaini yake inaangukia ndani ya ile Oktava ya Pasaka. Kuna mtu kaniambia siku hizo haziruhusiwi Misa za marehemu. Nisubiri?

---

Sakristani Mzee

Usisubiri, mama. Kinachozuiwa siku hizo ni kutumia sala na masomo maalumu ya Misa ya marehemu badala ya yale ya siku, isipokuwa Misa ya mazishi yenyewe katika siku za wiki. Nia, yaani mtu ambaye Misa inatolewa kwa ajili yake, ni jambo jingine. Nenda ofisi ya parokia, weka nia kwa jina lake, na padre ataadhimisha Misa ya siku ile kwa ajili yake. Itakuwa na mavazi meupe, na Utukufu, na Aleluya, na jina la mumeo litatajwa humo. Uliza tu Misa ipi iko wazi, kwa kuwa ile moja ya Dominika paroko analazimika kuitolea kwa waamini wote wa parokia. Kama utaweka ya siku ya wiki, nenda mapema, nia za Oktava hujaa haraka.